Niliacha chuo mwaka wa pili, sasa nataka kurudi. Nianzie wapi?

Washauri wapendwa, shikamooni.

Mimi ni mama wa watoto wawili, umri miaka 36, naishi Dodoma. Nilimaliza kidato cha nne 2007 na kidato cha sita 2010, mchepuo wa HGE: Historia D, Jiografia C, Uchumi E. Hesabu ya kidato cha nne nina D. Mwaka huohuo wa 2010 nikaingia chuo kikuu kusomea utawala wa biashara, nikiwa na mkopo wa Bodi ya Mikopo. Mwaka wa pili nikapata ujauzito, nikawa na sapu (mtihani wa marudio) ya Takwimu, na sehemu ya ada ambayo mkopo haukuifikia ikanishinda. Sikuaga mtu. Nilifunga virago 2012 nikarudi nyumbani, na tangu hapo sijakanyaga chuoni wala kuandika barua yoyote.

Sasa nafanya kazi SACCOS kama karani wa mikopo. Mshahara wa msingi ni shilingi 600,000, nakatwa NSSF na bima ya NHIF. Meneja wetu anakaribia kustaafu, na bodi imesema wazi kwamba nafasi za juu zitahitaji shahada. Mume wangu ni fundi umeme, ananiunga mkono. Mama mkwe anasema umri wa kushika daftari umenipita.

Maswali yangu ni haya. Je, naweza kurudi chuo kilekile nikaendelea nilipoishia? Deni la Bodi ya Mikopo sijawahi kulipa hata senti, je, nikijitokeza watanikamata? Naweza kuomba mkopo tena? Cheti cha kidato cha sita kilipotea tulipohama nyumba. Isitoshe, kitambulisho changu cha NIDA kina jina la mume wangu, vyeti vina jina la baba. Nina akiba ya laki nane kwenye VICOBA. Na hesabu, kusema kweli, zinanitisha.

Mama wa Wawili, Dodoma

JIBU

Marahaba, dada yetu.

Kurudi unaweza. Kuendelea pale ulipoishia, hilo ondoa kwenye mpango wako. Programu ya miaka mitatu huwa na ukomo wa usajili, katika vyuo vingi miaka mitano, na wako ulishapita zamani. Mitaala nayo imebadilishwa tangu 2012. Utaingia kama mwombaji mpya, na yale masomo uliyofaulu unaweza kuomba yatambuliwe, ila usiyawekee matumaini makubwa. Wapo watu wanaopoteza mwaka mzima wakipigania masomo manne ya zamani, muda ambao wangekuwa wameshayarudia na kuyafaulu upya.

Kosa la wengi wanaorudi ni kukimbilia fomu ya maombi. Wewe anza na jalada lako la zamani. Namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, ile inayoishia na /2007, ndiyo inayotumika chuoni, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) na Bodi ya Mikopo. Hakuna mahali utakapoomba ambapo namba hiyo haitakutangulia. Fomu ikiuliza kama uliwahi kusajiliwa chuo kingine, jibu ndiyo. Anayeficha anaweza kufutiwa udahili hata akiwa mwaka wa mwisho, ada yote ikiwa imeshalipwa.

Kwa hiyo mwandikie Msajili wa chuo chako cha zamani. Barua iwe fupi, isiwe ya kujieleza maisha. Kitu kama hiki kinatosha:

“Mimi (majina matatu kama yalivyo kwenye cheti cha kidato cha nne), namba ya usajili (…), nilisajiliwa Oktoba 2010 katika shahada ya Utawala wa Biashara na kuacha masomo 2012 bila taarifa. Naomba: 1) barua inayoeleza hali yangu ya kitaaluma kwa sasa, 2) transkripti ya muda ya masomo niliyofanya, 3) taarifa ya deni lolote la ada, maktaba au hosteli ili nililipe. Nimeambatanisha nakala ya kitambulisho na cheti.”

Kama namba ya usajili umeisahau, weka ile ya kidato cha nne na mwaka ulioingia, watakupata. Barua utakayopewa itasema mojawapo ya mambo mawili: kwamba ulidisko, yaani uliachishwa kwa matokeo, au kwamba ulitoweka masomoni. Kwa maelezo yako ni hili la pili. Vyuo vingi huhesabu kutoweka kama kuachishwa, lakini si kifungo cha maisha. Ni hali inayotakiwa iwe na karatasi. Ukidaiwa ada, omba kontroo namba ulipe, kisha utunze risiti. Bila kufanya hivyo transkripti, yaani orodha ya matokeo yako, hutapewa.

Sasa Bodi. Hakuna atakayekukamata kwa kujitokeza. Sheria inamhesabu aliyeacha chuo kuwa mdaiwa sawasawa na aliyehitimu, na mwajiri wako anatakiwa akukate asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Kwako ni shilingi 90,000. Nenda ofisi yao hapo Dodoma, au ingia kwenye mfumo wao wa mtandaoni, uombe taarifa kamili ya mkopo, muhula kwa muhula. Isome kwa makini. Angalia tarehe uliyoondoka, kisha uone kama kuna ada iliyopelekwa chuoni kwa muhula ambao hukuwepo. Ukikuta fedha ya aina hiyo, ile barua ya Msajili ndiyo ushahidi wako wa kuomba irekebishwe. Bumu (posho ya kujikimu) ulilosaini mwenyewe ni lako, halina mjadala. Kuna habari njema pia: tozo ya kulinda thamani ya mkopo ya asilimia 6 na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kulipa viliondolewa 2021. Hakikisha taarifa yako inaendana na hilo.

Kuhusu mkopo mpya tutakuwa wakweli ili usipoteze fedha. Mwongozo wa Bodi unamtaka aliyeacha masomo arejeshe kwanza angalau asilimia 25 ya alichokopeshwa kabla ya kufikiriwa tena. Tuseme deni ni 4,500,000, hiyo ni 1,125,000. Watu wanasikia hivyo wanauza hata kiwanja ili walipe. Lakini mwongozo huohuo, kwa miaka ya karibuni, unataka mwombaji asizidi miaka 35 na awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano. Wewe una 36, na ulimaliza 2010. Hutapata. Usitoe milioni moja kwa pupa ukitarajia mkopo. Anza tu makato ya kila mwezi. Kwa mfano wetu, 90,000 kwa miezi 50 na deni limekwisha, pengine kabla hujavaa joho.

Cheti kilichopotea kina njia yake. Chukua taarifa ya upotevu polisi, tangaza gazetini, kisha peleka maombi Baraza la Mitihani (NECTA). Hutoa cheti mbadala, na kwa chuo kinachotaka uhakika hutuma uthibitisho wa matokeo moja kwa moja. Hili lianze sasa kwa sababu ndilo linalochelewa kuliko yote, na siku ya usajili chuoni wanataka cheti halisi mkononi, siyo picha kwenye simu. Kama ulibaki na nakala popote, hata shuleni ulikosoma, iambatanishe.

Kwenye majina usijaribu kuvibadilisha vyeti. Jina la masomo yako libaki la kidato cha nne, kwenye fomu, kwenye malipo, hadi cheti cha mwisho. Kinachotakiwa ni waraka unaoonyesha kwamba mwenye vyeti na mwenye NIDA ni mtu mmoja. Anza na hati ya kiapo kwa wakili pamoja na nakala ya cheti cha ndoa. Chuo kikitaka zaidi, utaandaa hati ya kubadili jina inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati, Wizara ya Ardhi. Uliza kwanza kipi kinakubalika; hakuna haja ya kulipia hati mbili.

Je, sifa za kuingia unazo? Kigezo cha TCU kwa shahada nyingi ni principal mbili, yaani ufaulu wa A hadi E katika masomo mawili ya kidato cha sita, zenye jumla ya pointi 4. Kwa mwaka wako A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Jiografia C na Historia D zinakupa 5. Umevuka. Tahadhari moja tu: baadhi ya shahada za biashara zinataja masomo gani mawili yahesabike. Kama chuo kinalazimisha Uchumi, basi C na E zinakupa 4 kamili, bado umo. Nyingine zinataka ufaulu wa Hesabu kidato cha nne, na ile D yako inatosheleza kwa wengi wanaoweka sharti hilo. Soma kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU cha mwaka unaoomba, ukurasa wa chuo chenyewe. Maneno ya mawakala wa udahili yasikupeleke popote. Haja ya kuzungukia stashahada huna, ingawa anayesoma safu hii akiwa na pointi pungufu, stashahada yenye GPA (wastani wa alama) ya 3.0 ni mlango halali.

Sasa uamuzi mkubwa: usome wapi. Dodoma una Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE), una Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), una kituo cha mkoa cha Chuo Kikuu Huria. Kabla hujalinganisha majina, linganisha saa zako. Kwa mfumo wa TCU krediti moja ni saa 10 za kazi, ukijumlisha darasa, kusoma mwenyewe na mazoezi. Mwaka kamili ni krediti 120, yaani saa 1,200. Zikigawanywa kwa wiki 30 za masomo unapata saa 40 kwa wiki, juu ya saa 45 za kazini, juu ya watoto. Hapo ndipo wanafunzi wa jioni wengi wanapoangukia, na huwa ni muhula wa pili. Muhula wa kwanza wanauvuka kwa hamasa. Wa pili sapu zinaanza, sapu zinazaa keri, yaani masomo uliyofeli yanayobebwa mbele, keri zinaongeza mzigo wa mwaka unaofuata, na GPA ikishuka chini ya 2.0 wanadisko kwa mara ya pili. Si kwamba hawana akili. Saa ndizo zilizokataa.

Kwa hali yako sisi tunapendekeza Chuo Kikuu Huria, na ujisajili masomo ya krediti kama 80 kwa mwaka badala ya 120. Hiyo ni saa 800. Kwa wiki 40 ni saa 20 kwa wiki. Utamaliza kwa takriban miaka minne na nusu. Chuo cha jioni cha kawaida mara nyingi hukupangia mzigo kamili, utake usitake. Ubaya wa Huria ni upweke na urahisi wa kuahirisha. Pia kuna jambo linalowaponza wageni: kusajiliwa chuoni si sawa na kujisajili kwenye somo, na kujisajili kwenye somo si sawa na kujisajili kwa mtihani. Kila hatua ina tarehe yake kwenye mfumo. Kuna wanaofika chumba cha mtihani wamejiandaa vizuri, jina halipo.

Saa 20 zipange hivi: saa mbili alfajiri, saa 10 hadi 12, siku tano, saa nne Jumamosi, sita zinazobaki uzigawe Jumapili na jioni mbili ambazo mume wako anashika zamu ya watoto. Zamu hiyo itajeni kwa siku, “Jumanne na Alhamisi”, siyo “utanisaidia”. Kazini una haki ya likizo ya siku 28 kwa mwaka. Omba kwa maandishi igawanywe mara mbili iangukie wiki za mitihani. Sheria haimlazimishi mwajiri binafsi kukupa likizo ya masomo, kwa hiyo siku hizo ndizo mtaji wako. Usizimalize kwenye harusi na misiba ya mbali.

Fedha. Leo baada ya NSSF 60,000, NHIF 18,000 na kodi 24,000, mkononi unabaki na 498,000. Makato ya Bodi yakianza itakuwa 408,000. Panga kwa hiyo ya pili. Katika vyuo vya umma ada ya shahada za biashara huwa kati ya milioni 1 na milioni 1.5 kwa mwaka wa mzigo kamili. Wewe ukisoma theluthi mbili tarajia pungufu, lakini chukua mchanganuo wa ada wa mwaka husika uone kila mstari. Ndani yake utakuta 20,000 ya TCU, kitambulisho, serikali ya wanafunzi, na bima ya NHIF ya mwanafunzi 50,400. Bima hiyo usiilipe. Una kadi ya kazini. Peleka nakala yake siku ya usajili uandikiwe umesamehewa. Kila mwaka watu wanalipa bima mara mbili kwa kutouliza.

Laki nane za VICOBA zitoe kwenye mzunguko sasa, ziwe ada ya nusu ya kwanza na gharama za vyeti. Kisha tenga 100,000 kila mwezi kuanzia mwezi huu, si kuanzia siku ya usajili. Pengo likitokea, kopa kwenye SACCOS yako kwa riba inayopungua. Mikopo ya kausha damu isiguse ada kabisa. Riba yake ya mwezi mmoja inaweza kumeza somo zima.

Na hizo hesabu. Takwimu utaikuta tena, kwa hiyo usiisubiri. Una bahati kwamba kazi yako yenyewe ni Takwimu. Chukua mikopo mitano kutoka leja, tuseme laki 2, 4, 4, 5 na 10. Jumla 25, wastani laki 5. Toa wastani kwenye kila mkopo: -3, -1, -1, 0, 5. Zidisha kila tofauti kwa yenyewe: 9, 1, 1, 0, 25. Jumla 36. Hii ni sampuli, kwa hiyo gawanya kwa 4 (idadi toa moja), siyo kwa 5: unapata 9, ndiyo variansi. Kipeuo chake cha pili ni 3. Mikopo yako inatawanyika kwa laki 3 kuzunguka wastani. Makosa mawili huwaangusha watu hapa: kugawanya kwa 5, na kusahau kwamba hasi mara hasi ni chanya. Mkopo mmoja wa laki 10 umebeba 25 kati ya 36. Ukiliona hilo bila kuambiwa, umeshaelewa zaidi ya fomula.

Fanya zoezi kama hilo kila siku kwa miezi miwili kabla ya kuanza, pamoja na asilimia, uwiano na milinganyo ya kidato cha pili na cha tatu. Nunua kikokotoo cha kisayansi kisicho na programu, kama Casio fx-82, kwa kuwa vyuo vingi huzuia vile vinavyohifadhi maandishi. Tafuta pia mwalimu wa Takwimu kwa saa mbili kila Jumamosi, muhula ule tu utakaoisoma. Ikiwa ni rahisi kwako kupata kikundi kituoni Huria, jiunge wiki ya kwanza kabla makundi hayajafungana.

Jambo moja kuhusu cheo unachokitaka. Iulize bodi ya SACCOS kwa maandishi: shahada yoyote ya biashara, au ya uhasibu? Kama ni kiti cha mhasibu, shahada ya utawala wa biashara inaweza isikupe, na mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA) ikawa njia fupi zaidi. Jibu lao lije kabla hujalipa shilingi.

Mama mkwe mwambie, kwa heshima, kwamba Huria imejengwa kwa watu wazima wenye kazi na familia. Utakuta wa umri wako na waliokuzidi. Kisha muombe akae na watoto siku za mitihani. Akipewa sehemu kwenye jambo hili pengine maneno yatapungua.

Maombi ya shahada kwa kawaida hufunguliwa Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, na fomu ya kila chuo ni 10,000. Usiombe vyuo sita. Huria na kimoja cha jioni cha akiba vinatosha. Ukichaguliwa vyote viwili, thibitisha kimoja ndani ya muda uliotangazwa, maana usipothibitisha nafasi inapotea. Barua kwa Msajili na maombi ya cheti NECTA vitangulie miezi mitano au sita. Barua ikipita wiki tatu bila jibu, usitume nyingine. Nenda mwenyewe ofisi ya udahili na nakala yenye mhuri wa kupokelewa, ukiwa na fedha ya deni mfukoni.